Tumbo linapochelewa baada ya upasuaji wa kongosho

Treni ya SGR sasa inasimama Kilosa, hivyo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kongosho Muhimbili anaweza kufika Magomeni siku ileile aliyoruhusiwa. Safari imefupika, lakini tumbo lake bado ni zito.

Mama, usishangae akishiba kwa vijiko vitatu, au akitapika jioni uji wa asubuhi. Misuli ya tumbo la chakula imelegea. Kwa wengi hurudi baada ya siku au wiki kadhaa. Si ukaidi, wala hajalogwa. Mpe kidogokidogo, mara sita kwa siku: uji laini, supu isiyo na mafuta, akiwa ameketi. Ugali usubiri.

Akitapika kila kitu, tumbo likivimba, akipata homa au mkojo ukipungua, mrudishe hospitali leoleo, usingoje tarehe ya kliniki. Na kama anachoma insulini huku hali, uliza hospitali kabla ya sindano.