UPEPO WA ZIWA USIPUUZWE

Kila mtumbwi unapopinduka katika Ziwa Victoria, maneno yanayosikika mialoni ni yale yale: upepo ulikuja ghafla. Maiti huzikwa, matanga huanuliwa, na safari huendelea kama kawaida. Sisi tunaona kwamba neno hilo "ghafla" limetumika kupita kiasi. Upepo wa ziwa una majira yake na saa zake, na mengi katika hayo yanajulikana. Upungufu uliopo ni namna ujuzi huo unavyomfikia mtu aliyeshika kasia.

Huenda wako watakaouliza Rubwera, iliyo mbali na ziwa, ina neno gani juu ya mawimbi. Jibu ni rahisi. Samaki na dagaa wa sokoni kwetu hutoka ziwani. Mto Kagera unaopita mpakani mwa Kyerwa humwaga maji yake humo. Na ndugu zetu wa Bumbiire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga ni wananchi wa mkoa huu kama sisi.

Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji yaliyo wazi mbele yake. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo nafasi ya wimbi kukua si haba. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki, zilizo za ukoo mmoja na kusi ya watu wa pwani, hulivuka ziwa na kuyasukuma maji kuelekea magharibi na kaskazini. Visiwa na mwambao wa Kagera viko mwisho wa safari hiyo, na mawimbi hufika yakiwa yamekomaa. Wimbi la bahari kuu huwa refu, na chombo huweza kulipanda na kulishuka. La ziwa ni fupi na lenye mgongo mkali. La pili hupiga kabla mtumbwi haujainuka kutoka la kwanza.

Hayo ni ya majira. Ya kila siku ni haya: mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda bara. Usiku mambo hugeuka. Pepo za nchi kavu hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yaliyobaki na uvuguvugu. Hewa hupanda, mawingu hujijenga, na dhoruba huzaliwa usiku wa manane hadi asubuhi. Upepo wa baridi unaoporomoka kutoka katika wingu hilo hutangulia mvua. Anayengoja tone la kwanza ndipo ageuze mtumbwi amekwisha kuchelewa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa. Saa ya riziki yake ndiyo saa ya dhoruba. Kumwambia asitoke usiku ni kumwambia afunge jiko. Anachohitaji ni kuambiwa kabla ya jua kuzama ni usiku gani wa kutoka na ni usiku gani wa kubaki nchi kavu.

Jambo hilo linawezekana. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba dhoruba kali za mchana katika nchi zinazolizunguka ziwa ni dalili ya dhoruba za usiku huo majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionya pia kwamba, dunia inavyozidi kupata joto, dhoruba kali za ziwani zitaongezeka nguvu kuliko zile za nchi kavu. Bahari nayo ina mkono wake. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, mvua zikazidi Afrika Mashariki, na mwaka 2020 ziwa likapanda kufikia kimo kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964. Wimbi lililozoea kufia mchangani likafika mlangoni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri. Lakini utabiri unaoishia ofisini haujamwokoa mtu. Tunawaomba viongozi wa mkoa na wilaya wahakikishe kwamba kila mwalo una mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kupokea taarifa kila alasiri, kuiandika ubaoni na kupandisha bendera. Taarifa iwe kwa lugha ya mwaloni. Kusema upepo utavuma kilomita kadhaa kwa saa hakumsaidii mvuvi kama kumwambia kwamba leo mitumbwi midogo isitoke. Tena ratiba za vyombo vya abiria zipangwe kwa kufuata saa za ziwa, na jaketi za kujiokolea zipatikane kwa bei anayoimudu mvuvi.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunasema hivi: bendera isiyotiiwa ni kitambaa tu. MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, zote mbili zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo wake. Chombo kilichozidishiwa mzigo hakingoji dhoruba. Wimbi dogo humtosha. Basi msikubali kupanda chombo kilichojaa, hata kama nahodha ni shemeji yenu.

Wala mtu asidhani kwamba watu wa visiwani ni wa kufundishwa tu. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa, watu 19 walipoteza maisha na 24 waliokolewa. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu waliowaokoa wenzao bila kungoja amri wanastahili kupewa habari za hatari inayowakabili wao wenyewe.

Upepo hatuwezi kuuzuia. Lakini kuujua na kunyamaza ni kosa letu, wala si la upepo. Masika ijayo isitukute mialo haina bendera.