"Moja mara tatu" haimtoshi bibi

Nilipotea, si mnajua tena mambo ya UE. Leo nina dukuduku na zile bahasha ndogo za dawa.

Unaijua ile "1x3"? Kwetu tunaosoma uuguzi ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Sasa huku Moshono kuna bibi anamuuguza mzee wake. Wao wanakula mara mbili kwa siku, na alivyoelewa yeye dawa inakwenda na chakula, basi mzee akawa anapata viwili. Dirishani aliambiwa "moja mara tatu, haya mwingine!" Jamani, kosa la bibi liko wapi hapo? Tukapanga upya: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Darasani tunakaririshwa mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Safi kabisa, ila mgonjwa akiruhusiwa, nesi ni bibi, ni dada, ni mtoto wa darasa la sita. Hata Florence Nightingale, kitabu chake cha uuguzi cha 1859 aliwaandikia wanawake wanaouguza watu majumbani.

Chukua dawa ya mseto ya malaria. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku 3, vinne vinne. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha ndo asubuhi na jioni. Inataka na chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa, na hapa kwetu maziwa si shida. Yote hayo yakae kwenye "4x2"? Na dawa ya maji je? Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15. Ukisema "kijiko kimoja" tu, mtoto anaweza kunyweshwa dozi mara tatu.

Mi nataka kitu kidogo: kabla mtu hajaondoka aulizwe, "Bibi, hebu niambie, ukifika nyumbani utampaje?" Sio "umeelewa?", maana nani atakataa mbele ya koti jeupe? Na kama Kimaasai ndicho kinachomkaa, aitwe anayekijua.

Najua mtasema foleni. Kweli ipo, na manesi ni wachache. Lakini swali hilo ni dakika moja, na mgonjwa akirudishwa amezidiwa anakula zamu nzima. Mnaobisha nitafuteni kantini saa 7 mchana, chai juu yenu.