Pikipiki za Umeme Tunduma: Sheria Itangulie Ajali

Pikipiki za umeme zimeshaingia Afrika Mashariki, wala hazitarudi zilikotoka. Nairobi zinabeba abiria, Kampala zinabeba abiria, Dar es Salaam zinaonekana barabarani. Kigali wamekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi mjini humo isipokuwa iwe ya umeme. Tunduma, mji wa mpakani wenye watu zaidi ya 200,000 kwa sensa ya mwaka 2022, hauna namna ya kukaa pembeni. Kwa hiyo nawaomba wakazi wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na mkoa mzima wa Songwe tulizungumze jambo hili mapema, vijana wetu wangali wazima na nyumba zetu zingali zimesimama.

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba siipingi pikipiki ya umeme. Mwenye kuipinga hajakaa kijiweni akamsikiliza kijana anavyopiga hesabu ya siku. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo za mafuta, na sisi tulio mbali na bandari tunalipia pia safari ndefu ya lori lililotuletea petroli. Kijana akishatoa pesa ya mafuta, akatoa hesabu ya bosi, akanunua oili, kinachobaki mfukoni ni kidogo mno kwa mtu aliyeamka alfajiri. Pikipiki ya umeme haili petroli, haihitaji oili ya injini, haitoi moshi. Na umeme nchi inao: Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Neema kama hiyo hatuna sababu ya kuikataa. Lakini neema isiyo na utaratibu imeshatuumiza mara moja, na somo lake tunalo mikononi.

Tukumbuke bodaboda walivyotujia. Kazi hii ilizaliwa mpakani, kwa baiskeli za Busia na Malaba kati ya Kenya na Uganda miaka ya 1960, ikahamia kwenye pikipiki, ikasambaa hadi nchini kwetu. Hapa Tanzania kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji za biashara zilitoka mwaka 2010, wakati huo vijiwe vimeshajaa kila kona. Sheria ilikuja ikimkimbiza mtu aliyekwisha kuondoka. Vijana wengi walijifunzia kazi barabarani, abiria akiwa mgongoni. Mishikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu, ikawa desturi. Kofia ngumu ikawa kitu cha kuning'iniza kwenye usukani, kikivaliwa pale tu askari anapoonekana kwa mbali. Gharama ya kuchelewa huko ililipwa na familia, katika wodi za mifupa na makaburini. Tunataka kulipa mara ya pili?

Tazameni sasa sheria yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Imefanyiwa marekebisho, lakini mifupa yake ni ya zama za injini ya petroli na dizeli. Leseni za pikipiki zimegawanywa kwa ukubwa wa injini: kuna mpaka wa cc 125, na kuna mpaka wa cc 50 kwa zile ndogo kabisa. Pikipiki ya umeme haina cc hata moja. Nguvu yake hupimwa kwa wati. Basi askari akisimamisha chombo kama hicho pale Mpemba, atakipima kwa kipimo gani? Na kijana wa miaka 15 akiambiwa na muuzaji kwamba hiki ni kibaiskeli tu, hakihitaji leseni wala namba, nani atamwonyesha kifungu kinachomkatalia kwa lugha isiyo na utata?

Wenzetu walilikata fundo hili kwa namba. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme inayohesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida ni ile ambayo mota yake haizidi wati 250, inamsaidia tu mtu anayekanyaga pedali, na inaacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikizidi hapo inaingia katika kundi la vyombo vya moto, na mwenye nayo anafuata masharti ya vyombo hivyo. China nayo iliweka mpaka huohuo wa kilomita 25 kwa saa katika kiwango cha taifa kilichoanza kutumika mwaka 2019. Si lazima tunakili namba zao. Lililo lazima ni kuwa na namba zetu, zilizoandikwa, ambazo mnunuzi, muuzaji, askari na hakimu watazisoma kwa namna moja. Chombo kinachobeba watu wawili kwa kilomita 60 kwa saa ni pikipiki, hata kama hakitoi moshi wala mlio.

Na hili la usajili lisichukuliwe kuwa ni karatasi tu. Namba ya usajili ndiyo mlango wa bima, na bima ndiyo haki ya aliyegongwa. Mama aliyevunjwa mguu na pikipiki isiyo na namba wala bima atadai kwa nani? Dereva hana kitu, mmiliki hajulikani, chombo kimefichwa. Sisi wa mpakani tunazijua njia za panya na tunajua zinavyopitisha bidhaa usiku. Chombo au betri iliyoingia kwa njia hiyo haijapita mbele ya mamlaka ya kodi, TRA, wala haijatazamwa na Shirika la Viwango. Urahisi wa bei yake leo utalipwa kesho na mtu ambaye hakuwepo wakati wa kununua.

Nije kwenye barabara yetu. Barabara kuu ya TANZAM, inayounganisha Tanzania na Zambia, inapita katikati ya makazi, na malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo husimama katika foleni ndefu kuelekea kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019. Pikipiki hupenya kati ya lori na lori. Mwenda kwa miguu naye hupenya humohumo, na mara nyingi kinachomwokoa ni sikio: husikia mngurumo, akarudi nyuma hatua moja. Pikipiki ya umeme haingurumi. Mzee asiyeona vizuri, mtoto anayetoka shule, mama mwenye ndoo kichwani, wote watashtukia imeshafika. Tena mota ya umeme hutoa nguvu yake yote mara tu mkono unapozungushwa, kwa hiyo chombo huruka mbele kuliko dereva aliyezoea petroli anavyotarajia. Sheria imeshaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo ndani ya makazi. Kwa chombo kisichosikika, kikomo hicho kiheshimiwe kama amana, na taa iwashwe mchana na usiku.

Kuna pia milima yetu na baridi yetu. Betri huisha upesi kwenye mwinuko, chini ya mzigo mzito na katika baridi kama ile ya Juni na Julai. Dereva aliyeambiwa dukani kwamba chaji moja inamtosha kwa umbali fulani asitegemee kuupata umbali huohuo akiwa na gunia la mahindi akitokea Isongole. Ajipime kwanza, asije kuishiwa nguvu kwenye kona ya usiku huku lori likishuka nyuma yake.

Hatari inayonitia hofu zaidi, hata hivyo, imo ndani ya nyumba. Betri za lithiamu zinapoharibika ndani, au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huweza kupata moto mkali wa ghafla unaotoa moshi wa sumu, na moto huo ukizimwa waweza kuwaka tena. New York, katika mwaka 2023 peke yake, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18, na mwaka huohuo mji ukapiga marufuku kuuza baiskeli na betri zisizothibitishwa kwa viwango vya usalama. Nanjing, China, mwezi Februari 2024, moto ulioanzia mahali palipoegeshwa baiskeli za umeme chini ya jengo la ghorofa uliua watu 15. Hiyo ni miji yenye vikosi vikubwa vya zimamoto na mabomba ya maji kila mtaa.

Sasa fikirini chumba cha kupanga hapa Tunduma. Mlango mmoja, dirisha lenye nondo, godoro la sponji, jiko la gesi pembeni, watoto wamelala. Kijana anarudi saa nne usiku, anaingiza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi, anaiegesha mlangoni na kuichomeka kwenye soketi inayotumika pia kwa pasi na redio. Moto ukianza, umeanzia kwenye njia pekee ya kutokea. Sisemi haya kuwatisha watu. Nayasema kwa sababu kinga yake haina gharama kubwa: chaji ukiwa macho, tumia chaja iliyokuja na chombo, chajia mbali na mlango na mbali na godoro. Betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyoingia maji iwekwe nje, isiguswe na fundi wa kubahatisha. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, kila mwana wa nyumba aijue kwa moyo.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema ajali haina kinga. Msemo huu umetulaza vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kofia ngumu ikivaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa zaidi ya mara sita. Kama hiyo si kinga, kinga ni nini? Na kofia iliyoachwa wazi bila kufungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini.

Wa pili atasema sheria mpya ni njia nyingine ya kuwakamua vijana. Huyu nampa haki kwa nusu, maana ni kweli kwamba faini zimewahi kuwaelemea, na ndiyo maana mwaka 2021 Serikali ilishusha faini za bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Sheria isiyofundishwa hugeuka mtego, na mtego huzaa rushwa. Lakini dawa ya mtego ni mafunzo na uwazi. Kukosekana kwa sheria hakumsaidii kijana: akigonga anabeba lawama peke yake, akigongwa hana wa kumtetea.

Basi kila mmoja ashike sehemu yake. Bunge na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, watamke wazi, kwa wati na kwa mwendo, ni chombo kipi cha umeme kilicho baiskeli na kipi kilicho pikipiki, na leseni ya kila kimoja ni ipi. Shirika la Viwango lisimamie betri na chaja kabla hazijafika dukani. Halmashauri ya Mji wa Tunduma isikae ikisubiri Dodoma kwa kila jambo: Sura ya 288 inazipa mamlaka za miji uwezo wa kutunga sheria ndogo, nayo inaweza kutenga maeneo salama ya kuchajia, penye paa, hewa na mlinzi, ili kijana asilazimike kulala na betri chumbani. Polisi wa usalama barabarani waende vijiweni kufundisha kabla ya kwenda kukamata.

Ninyi wenye mali mnaowapa vijana pikipiki kwa mkataba, msimkabidhi mtu chombo bila leseni, bila bima na bila kofia mbili, halafu mkamdai hesabu inayomlazimisha kukimbia. Damu yake ina sehemu katika fedha hiyo. Wenye nyumba za kupanga, wekeni soketi salama uani kuliko kuacha nyaya ziungwe kiholela. Wazazi, zawadi ya kibaiskeli cha umeme kwa mtoto asiyejua alama za barabarani ni mzigo mnaojitwisha wenyewe.

Nanyi abiria wenzangu, sisi ndio tunaolipa nauli, kwa hiyo sauti yetu ina nguvu kuliko tunavyodhani. Tukikataa mshikaki, mshikaki utakufa. Tukidai kofia, kofia zitapatikana. Tukimwambia dereva apunguze mwendo, tumemlinda yeye pamoja na nafsi zetu.

Madereva wa bodaboda, maafisa usafirishaji kama mnavyoitwa siku hizi na mnavyostahili kuitwa, chombo kipya kinakuja na ninyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kukipanda. Kiulizeni maswali kabla ya kukilipia: kina namba? Kina bima? Betri yake imethibitishwa na nani, na ikiharibika inakwenda wapi? Muuzaji akishindwa kujibu, mwacheni na chombo chake. Na viongozi wa Songwe waitishe mikutano ya vijiwe mwaka huu, wakiwa na wataalamu wa umeme, zimamoto na barabara mezani pamoja, ili sheria iwe imeshafika Tunduma siku pikipiki hizi zitakapojaa vijiweni.