Twiga wa Udongo na Nakshi za Mlango

Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini kote mwaka 2019, malalamiko haya hayaishi mitaani petu: mtoto kaambiwa apeleke udongo shuleni, afinyange mnyama aliyejitokeza juu ya kibao. Baba akisikia tu neno sanamu, humkataza mwanawe somo zima.

Linalomtisha nalifahamu, maana nami nimesoma chuoni. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kutengeneza sura ya chenye roho si jambo la mzaha. Lakini waungwana, chuoni huko huko ndiko tulikosomeshwa kwamba Bibi Aisha, Allah amuwiye radhi, alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari za farasi huyo alicheka. Ndipo wanazuoni wengi wakawaachia watoto vitu vya kuchezea. Twiga wa mwanafunzi, anayepasuka kwa jua kabla ya Ijumaa kufika, naona yu karibu zaidi na farasi yule kuliko masanamu ya kuabudiwa. Mwenye shaka na amwulize shehe wake.

Linaloniuma mimi ni jingine. Kazi yenyewe ni yetu! Mtoto hutandaza udongo, akachora umbo, kisha akapunguza pembeni hata umbo likasalia juu. Fundi wa Lamu hafanyi vingine kwa patasi na nyundo yake. Tazama mfaa wa mlango wa kale, au kizingiti cha juu: mawaridi, minyororo, majani yaliyosukana. Yameinuka kidogo tu, lakini jua likiyapiga kwa ubavu, kila jani lina kivuli chake. Katika baadhi ya milango ya Unguja yumo hata samaki, naye kageuzwa magamba na mistari, humtambui mpaka uonyeshwe. Na Ibn Abbas alimshauri fundi wa picha ashike miti na visivyo na roho. Wazee wetu hawakuitupa patasi kwa kuogopa sanamu. Waliipa kazi nyingine.

Basi mzazi anayemtoa mtoto darasani, pamoja na twiga amemnyima na patasi. Afadhali aende kwa mwalimu, amwombe mtoto apewe nakshi ya mlango badala ya mnyama, na alama zilingane. Mwalimu naye, awe wa hapa au wa bara, asidhani huo ni uvivu. Twiga shingo ikimpinda bado ni twiga; ua la majani manane, jani moja likizidi, kibao kizima kimeharibika.

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na milango yake haitajitengeneza yenyewe. Mafundi wa nakshi wangaliko. Shule za pwani ziwaalike waingie darasani na patasi zao, hata kwa saa moja, watoto waone ubao ukichongwa.