Kovu Juu ya Kope na Mfuko wa Huruma



Katika kikao cha Halmashauri ya Walei cha mwezi uliopita lilisomwa ombi la mwamini mwenzetu, mama wa makamo, aliyefanyiwa upasuaji wa urembo wa kope katika mji ulio mbali na hapa, akarudi Kigoma na makovu mawili yanayoonekana waziwazi juu ya macho yake. Anaomba Mfuko wa Huruma wa parokia umsaidie nauli na gharama za kumwona daktari bingwa. Tunaandika haya kwa ridhaa yake, ila jina lake na jumuiya yake hatutavitaja. Ombi halikupita. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema kwamba fedha zilizotolewa kwa ajili ya maskini haziwezi kulipia majivuno ya mtu aliyejitakia mwenyewe, na wajumbe walio wengi wakaitikia. Shauri likaahirishwa hadi kikao kijacho. Sisi siku ile tulinyamaza kwa kuwa tulitaka kwanza kulitafakari jambo hili mbele ya Mungu. Leo tunatoa maoni yetu.

Yawezekana wengine mnashangaa kwamba upasuaji wa namna hii upo. Upo, na si haba. Takwimu za chama cha kimataifa cha wapasuaji wa urembo za mwaka 2024 zinaonyesha kuwa upasuaji wa kope ndio uliofanywa zaidi duniani kuliko upasuaji mwingine wowote wa urembo, zaidi ya mara milioni 2 kwa mwaka mmoja. Hapa nchini petu, kwa miaka mingi tuliposikia habari za kupasuliwa kope tulifikiri juu ya ugonjwa wa vikope, ule ambao katika maeneo kama Kongwa, mkoani Dodoma, umewapofusha wengi: ukingo wa kope hujikunja kwa ndani, nywele zake zikawa zinakwaruza kioo cha jicho mchana na usiku, na daktari hana budi kuugeuza ukingo huo urudi mahali pake. Huo ni upasuaji wa kuokoa uoni. Huu wa mwenzetu ulikuwa wa kuondoa ngozi iliyolegea kwa umri. Hatusemi kwamba ni kitu kimoja. Lakini kisu ni kilekile, na ngozi ni ileile, iliyo nyembamba kuliko ngozi nyingine zote za mwili.

Mintarafu uhalali wa jambo lenyewe, Kanisa halikukaa kimya. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki dunia, Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na wapasuaji wa Italia wanaorekebisha maumbile ya mwili. Hakuwafukuza kama watumishi wa ubatili. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema la juu kabisa, na kwamba kuurekebisha si dhambi kwa asili yake. Yatakiwa kupima nia ya mtu, hatari anayoiingia na uzito wa sababu zake. Katekisimu nayo inatuonya tusiuabudu mwili. Mafundisho haya mawili hayapingani, na yeyote anayeshika moja akaliacha la pili anajipunja mwenyewe. Je, mwenzetu alikuwa na nia gani? Hilo ni lake na Mungu wake, na mahali pake ni kitubio. Halmashauri ya Walei haikupewa mamlaka ya kulisikiliza.

Tuseme sasa juu ya kovu lenyewe, kwa sababu katika kikao kile mengi yalisemwa na machache yalijulikana. Tumesoma, tena tumewauliza waganga waliosomea kazi hiyo. Daktari anapopasua kope za juu huuficha mkato katika kunjo la asili, na nyuzi hutolewa yapata siku tano hadi saba baadaye. Kovu huanza likiwa limevimba kidogo na kubadilika rangi, kisha hutulia polepole kwa miezi sita, kumi na miwili, pengine zaidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalo tatizo letu: mahali palipojeruhiwa hubaki na weusi uliozidi kwa miezi mingi, hata pale ambapo ngozi imepona vizuri. Yale makovu makubwa yanayokua kupita mpaka wa jeraha, ambayo wengi wetu tunayaona masikioni, mabegani na kifuani, ni nadra sana katika kope. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni subira. Baadaye zipo dawa za silikoni za kupaka, kukanda kovu kwa upole jinsi daktari anavyoelekeza, na kulikinga na jua, jambo ambalo kando ya ziwa letu si rahisi kwa mtu anayeshinda mwaloni. Yapo pia mambo ya kitaalamu zaidi: sindano ndogo za steroidi, mionzi ya leza ambayo kwa ngozi nyeusi yataka mkono wa mjuzi kwani huweza kuharibu rangi, na mwisho kabisa kupasua upya. Madaktari wengi hawakubali kurudia kisu kabla kovu halijakomaa.

Hapa tunalo onyo, na tunaomba lisomwe katika jumuiya zote. Tumesikia kwamba mama huyu ameshauriwa na marafiki apake krimu za kung'arisha ngozi, ambazo huuzwa kwa kificho sokoni, ili makovu yafifie. Msithubutu! Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na vingi vya namna hiyo huchanganywa na steroidi kali. Steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu bila daktari huikondesha ngozi, na hatari kubwa kuliko hiyo ni kwamba huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Mtu akitafuta kufuta alama ya upana wa uzi anaweza kupoteza jicho zima. (Na tukiwa tunanong'ona juu ya majivuno, tuhesabu kwa unyofu ni nyumba ngapi za parokia hii zisizo na kopo la mkorogo.)

Turudi kwenye mfuko. Hoja ya mzee wetu ni nzito na hatutaki kuidharau: senti zile zinatoka katika mikono ya wajane, na wagonjwa ni wengi. Lakini neno "alijitakia" halijawahi kuwa kanuni ya mfuko huu. Tumemlipia kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu akiendesha usiku bila kofia ngumu. Tumemlipia mvuvi aliyeungua petroli ndani ya mtumbwi huku akivuta sigara. Hakuna aliyesimama siku zile kuuliza jeraha limetokana na dhambi gani. Kwa nini basi tunaanza kuuliza kwa mwanamke, na kwa jeraha la uso? Yule Msamaria katika Injili angeweza kabisa kumwuliza mtu yule kwa nini alipita peke yake katika njia inayojulikana kuwa ya wanyang'anyi.

Pwani hii ya Tanganyika imepata kuona huduma ya namna nyingine. Huko Karema, kusini mwa ziwa, aliishi Adriano Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekamatwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa daktari na katekista. Alikaa hapo akitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali kule Sumbawanga inabeba jina lake. Mtu aliyewahi kununuliwa kama bidhaa alitumia zaidi ya miaka 60 kugusa vidonda vya wengine, na sisi tunaona shida kumtazama mwenzetu usoni bila kucheka. Maana ndivyo ilivyo: mama huyu sasa huja kanisani na miwani ya jua, hukaa benchi la nyuma, na amekwisha kuacha kuimba kwaya. Bwana wetu mfufuka hakumwonea Tomaso aibu kwa makovu yake. Na babu zetu wengi, Wamakonde wakiwa mfano unaojulikana, walichanja nyuso zao makusudi wakiita alama zile uzuri. Uso wenye kovu si habari mpya kwa Mwafrika.

Lakini liko jambo kubwa kuliko yote hayo, na linatusikitisha kwamba lilitupita kikaoni. Hakuna aliyemwuliza mama huyu kama macho yake yanafumba. Tulipomwuliza alisema kwamba usingizini jicho la kushoto hubaki wazi kidogo, na asubuhi huamka likiwa linawaka na kutoa machozi. Ngozi ya kope ikikatwa kupita kiasi, au kovu likiivuta juu, jicho hukosa kifuniko chake. Kioo chake hukauka, na kikikauka mara kwa mara hupata vidonda, na vidonda huacha baka linalozuia nuru. Mtu anayefanya kazi katika upepo wa ziwa na moshi wa kukaushia samaki yumo katika hatari zaidi. Huyu, basi, hakuja kutuomba urembo. Maoni yetu ni kwamba upande wa kope lisilofumba ulipwe na mfuko bila mjadala, kama tungelipia vikope. Kuhusu alama peke yake, ikiwa jicho la pili ni salama, tungependekeza mfuko umkopeshe na yeye arejeshe kidogo kidogo, kwa kuwa wapo watoto wenye midomo iliyopasuka wanaosubiri. Wajumbe wanaweza kutupinga katika hili la pili, nasi tutawasikiliza.

Kikao kitafanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya Misa ya pili, katika ukumbi mdogo, na mama amekubali kufika mwenyewe. Kwa sasa amekwisha kwenda Hospitali ya Maweni, akapewa matone ya kulainisha jicho mchana na malhamu ya kupaka usiku, na ameelekezwa kumwona bingwa wa macho Bugando, Mwanza. Nauli bado haijapatikana.