Treni za Mallorca hazitaingia reli ya Iyunga

Wanaotaka Mbeya iige Nairobi kwa kutumia treni za abiria ambazo injini imo ndani ya behewa wana hoja, ila wameruka jambo moja: upana wa reli. Kenya ilinunua treni 11 za dizeli za namna hiyo zilizokwishatumika kisiwani Mallorca, Hispania, zikaanza kuwasili 2020, na zililingana na njia zake kwa sababu pande zote mbili reli ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA inayopita hapa Iyunga, Mbeya, ina upana wa milimita 1,067. Wa kuulizwa kuhusu treni za kutufaa ni Japani, ambako reli nyingi za kawaida ni 1,067 hizo hizo.

Faida ya treni hizi haina ubishi. Treni ya abiria wa jijini iliyoitwa "Treni ya Mwakyembe" ilipoanza Dar es Salaam Oktoba 2012, ilivutwa na kichwa. Treni ya namna hiyo ikifika mwisho wa safari, kichwa hukatwa, huzungushwa njia ya pembeni, kisha hufungwa upande wa pili. Behewa lenye injini yake halina usumbufu huo. Dereva anahamia tu chumba cha upande wa pili, safari inaendelea. Kwa abiria wachache wa Chimala na Igurusi wanaokwepa foleni ya magari ya Mwanjelwa na Mafiati jijini Mbeya, mabehewa mawili yanatosha, vichwa vikubwa vibaki kuvuta shaba ya Zambia.