"Njoo Jumatatu" Si Jibu la Askari

Mwanamke aliyebakwa Ijumaa saa mbili usiku, akifika kituoni akaambiwa "Mwenye dawati hayupo, njoo Jumatatu", amenyang'anywa kitu ambacho hakuna hakimu atakayeweza kumrudishia. Dawa za kumkinga na VVU sharti azianze ndani ya saa 72, na akiwahi ndiyo bora. Jumatatu saa tatu asubuhi, saa 61 zimekwisha kupita. Hapo hajapewa fomu namba 3 ya polisi, hajapanga foleni hospitali, na pengine hana hata nauli ya kumfikisha huko.

Nasema haya kwa uchungu, maana Tanzania haikosi sheria ya kumwadhibu mbakaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima anayetiwa hatiani kwa kubaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mume au mke kumchapa mwenzake kwa kisingizio cha kumwadabisha. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi yamepita 400, na wamo humo askari wanaostahili kusifiwa hadharani. Lakini kipigo hakingoji siku ya kazi. Dawati linalofungwa kwa kufuli Ijumaa alasiri linamwacha mlalamikaji aeleze aibu yake kaunta, mbele ya waliokuja kuripoti simu zilizoibwa.

Kuna na lile neno jingine, "Kamalizaneni nyumbani." Enyi askari, nani amewapa kazi hiyo? Jinai ni kesi ya Jamhuri. Hata kwa shambulio dogo ambalo sheria imeliachia mlango wa suluhu, mwenye kuufungua mlango huo ni mahakama. Mke aliyevunjwa mkono akirudishwa kwa aliyemvunja, mumewe hujifunza kwamba kituo hakimtishi, na safari nyingine mke huyo hatakuja.

Nasi jamaa tusijitoe katika lawama hii. Binti anarudi nyumbani analia. Mama, kwa huruma, anamchemshia maji aoge, analoweka kanga na chupi katika beseni, anazisugua kwa sabuni mpaka doa litoke. Ushahidi umemwagwa uani pamoja na maji machafu. Jamani, asioge kwanza! Nguo zake zitiwe katika bahasha au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu ukifungiwa humo huozesha kile ambacho daktari na mpelelezi wanakihitaji. Kisha wajomba wanaitana, bahasha ya fedha inapita, na siku ya kesi mtoto yuko shamba kwa bibi yake. Karani anamwita shahidi mara tatu, hakuna anayeitika, na kesi inafutwa. Kesi kama hiyo tumeiuza wenyewe, tusimsingizie polisi.

Wapo wanaouliza kwa nini mwanamke huondoa malalamiko. Waulize kwanza atalala wapi usiku huo. Unga, kodi ya chumba na ada ya watoto vimo mkononi mwa yule aliyemshtaki. Kenya ilitunga mwaka 2015 sheria ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani, na kwa sheria hiyo mahakama yaweza kumwamuru mtesaji asimkaribie mlalamikaji, hata ikimpasa yeye mwanamume kutoka katika nyumba. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya namna hiyo. Waheshimiwa wabunge, huu ni upungufu wenu, na kila kikao mnachoupita kimya kuna wanawake wanaorudi kulala na hofu.

Sheria hiyo itachukua muda kutungwa. Lakini wakuu wa vituo hawahitaji Bunge ili waandike zamu ya dawati kwa usiku, Jumamosi na Jumapili. Fomu namba 3 ziwe tele kaunta, pasiwepo wa kuambiwa akatoe nakala kwa fedha zake. Kila askari wa zamu, mwanamume kwa mwanamke, ajue kuijaza, amtenge mlalamikaji mahali pa faragha, kisha amsindikize hospitali kwanza, maelezo marefu yafuate. Amri hiyo yaweza kutolewa kesho asubuhi kwenye paredi.